Filamu ilipomlazimu mama kumwambia mwanawe ukweli kuhusu babu

Ilikuwa Jumamosi usiku. Umeme ulikuwa umerudi baada ya kukatika tangu mchana, na familia moja ya Tabata, Dar es Salaam, ikakaa sebuleni kutazama filamu ya zamani. Baba ndiye aliyeichagua.

The African Queen ilitoka mwaka 1951, lakini kisa chake kinaanzia mwaka 1914, nchi hii ilipokuwa koloni la Wajerumani na Vita ya Kwanza ya Dunia ikaikuta. Mmisionari wa kike na fundi mmoja mpenda pombe wanateremka mtoni kwa boti chakavu wakiwa na nia moja: kuizamisha meli ya Wajerumani inayotawala ziwa.

Meli hiyo ilipotokea, baba akawaambia watoto, "Mnaiona? Hiyo ndiyo Liemba, meli ya babu yenu."

Babu mzaa baba alikuwa mtu wa Kigoma. Aliuza dagaa na migebuka, na kwa miaka mingi alipanda Liemba kwenda vijiji vya kusini mwa Ziwa Tanganyika, kule ambako meli haikuwa na gati la kutia nanga na abiria walifuatwa kwa mitumbwi. Alifariki miezi minne kabla ya usiku huo. Watoto wakubwa wawili walikwenda msibani. Mdogo, mwenye miaka sita, aliachwa kwa mama yake mdogo. Alipouliza babu yuko wapi, mama alitoa jibu la kwanza lililomjia: "Babu amesafiri."

Kwa mtoto yule, babu akisafiri, anasafiri na Liemba.

Mwisho wa filamu, wale wawili wamekamatwa na kitanzi kiko shingoni. Wanamwomba nahodha awafungishe ndoa kwanza, naye anakubali. Mara meli inagonga mabaki ya boti yao yenye mabomu waliyoyatengeneza wenyewe, inalipuka na kuzama. Maharusi wanaogelea kuelekea nchi kavu wakiimba.

Baba akapiga makofi. Mtoto alikuwa amejikunyata pembeni ya kochi, machozi yanamtoka. "Babu alikuwa humo," akasema.

Dada yake wa kidato cha tano ndiye aliyewahi kumbembeleza. Alikuwa amekisoma kitabu chenyewe, kilichoandikwa na C. S. Forester na kutoka mwaka 1935. "Kitabuni haikuwa hivyo," akamwambia. Humo dhoruba inaizamisha boti kabla haijaifikia meli. Nahodha Mjerumani anawahurumia mateka wake na kuwakabidhi kwa Waingereza chini ya bendera nyeupe. Meli inazamishwa baadaye na boti za kivita za Waingereza. Wale wawili wanaelekea pwani kufunga ndoa, na mwandishi hataki hata kutuhakikishia kwamba waliishi kwa raha. Waliotengeneza filamu walitaka watazamaji watoke wakifurahi, wakaubadilisha mwisho.

"Sasa upi ni wa kweli?" mtoto akauliza.

Baba akaeleza kwamba yote miwili ni ya kutungwa. Meli ya kweli iliyompa mwandishi wazo hilo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, na iliitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito isiharibiwe na maji. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka 2015 ilikuwa ikiwavusha wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, wakati kipindupindu kikiwa kimewavamia.

Mtoto akafuta machozi. "Kwa hiyo meli haikufa?"

"Haikufa."

"Basi babu atarudi nayo lini?"

Baba akaangalia simu yake. Dada akainamisha kichwa. Mama akaona kwamba naye alikuwa amefanya kama wale watu wa filamu: alibadilisha mwisho ili mtoto asilie, na mtoto amekuwa akisubiri kwa miezi minne.

Alimpakata. "Mwanangu, babu hakusafiri. Babu amekufa. Moyo wake uliugua, madaktari wakajaribu kumtibu, ukashindwa kufanya kazi. Tulimzika Kigoma. Hatarudi."

Mtoto alilia tena, safari hii kwa sauti. Kisha akauliza kama babu aliumia, na kama anasikia baridi kule chini. Mama akamwambia kwamba mtu akifa mwili hausikii tena baridi wala maumivu. Swali la mwisho lilikuwa gumu zaidi: "Mbona uliniambia amesafiri?"

"Niliogopa utalia," mama akajibu. "Nilikosea."

Watoto wa umri huu huyachukua maneno kama yalivyo. Aliyeambiwa marehemu "amelala" anaweza kuanza kuogopa usingizi. Aliyeambiwa "amesafiri" anaweza kushtuka kila baba akibeba begi. Ndiyo maana wataalamu wa afya ya akili ya watoto hushauri neno "amekufa" litamkwe wazi, kwa upole, na sababu ielezwe kwa kifupi. Imani ya familia kuhusu maisha baada ya kifo ina nafasi yake, lakini haizibi nafasi ya neno hilo. Mzazi ajiandae pia kuulizwa jambo lilelile mara nyingi, maana ndivyo mtoto anavyolielewa kidogo kidogo.

Jumapili asubuhi mtoto alimfuata mama jikoni, akauliza kama ni kweli babu amekufa. Mama akamjibu kwa neno lilelile la jana usiku. Akatikisa kichwa, akaomba chai, kisha akataka dada amsimulie tena habari ya grisi.