Mwalimu wa Kigango

Msomaji, ukiingia katika kanisa la Kikatoliki siku ya Jumapili, jicho lako humwendea padre kwanza. Halina kosa, kwa kuwa padre ndiye asimamaye mbele ya wote katika mavazi ya ibada. Lakini ni nani aliyefagia sakafu kabla hujafika? Ni nani aliyefua kitambaa cha altare na kukipiga pasi? Watoto wale washikao mishumaa walifunzwa na nani, na mwalimu wa kwaya alipata wapi jioni za kuwafundisha sauti ya nne watu ambao sauti zao zataka kwenda kila mtu njia yake? Hawa wote hawana mshahara. Huja kwa hiari, na wakikoma kuja hapana wa kuwashurutisha.

Huenda wewe nawe u mmoja wao. Mimi husoma masomo Jumapili mbili kila mwezi, na kazi yangu huanza na kwisha katika muda wa saa moja. Nikirudi nyumbani nakuta chakula mezani, wala sijapungukiwa na kitu. Kwa hiyo sitaki kuisifu kazi yangu. Nataka kukueleza habari za mtu ambaye kujitolea kwake si kwa saa moja.

Parokia nyingi za Kenya zina vigango kadhaa, na padre ni mmoja au wawili tu. (Neno hili lina maana nyingine huku Pwani: kwa Wagiriama kigango ni nguzo iliyochongwa kwa ukumbusho wa mzee aliyefariki. Hapa nasema kanisa dogo lililo mbali na makao ya paroko.) Kigango chetu, katika milima ya Taita, humwona padre mara moja kwa mwezi, na mvua ikiharibu njia, hata mara hiyo hukosekana. Jumapili zilizosalia ni za katekista.

Alfajiri hufungua mlango na kugonga kengele yetu, ambayo ni chuma cha gurudumu kilichotundikwa mtini. Kusoma Misa hawezi, maana si padre. Lakini huongoza Ibada ya Neno, huisoma Injili na kuieleza, huwaombea wagonjwa akiwataja kwa majina. Baada ya ibada, watu wawili huihesabu sadaka mbele yake na kuiandika daftarini. Jumanne na Alhamisi huwafundisha wanaojitayarisha kwa Ubatizo, na Jumamosi watoto wa Komunyo ya kwanza. Mtu akifa, naye padre yuko mbali, ndiye aombaye kaburini. Mume na mke wakigombana usiku, mlango ubishwao ni wake. Watu humwita Mwalimu na kumvulia kofia njiani, lakini kofia iliyovuliwa haijazi chungu.

Kazi hii si ngeni. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni ya Bura mwaka 1892, na Wakonsolata walipofika Murang'a mwaka 1902, walikuwa wachache na nchi ilikuwa pana. Makatekista wenyeji ndio waliopeleka mafundisho kijiji kwa kijiji. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika tangu 1962 hata 1965, uliwasifu. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi yao kuwa huduma rasmi ya Kanisa, na mwaka huohuo huduma za msomaji na mtumishi wa altare zikafunguliwa rasmi kwa wanawake pia.

Sifa, basi, hazikukosekana. Lakini Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 231, inakwenda mbele kuliko sifa. Yasema kwamba walei waliowekwa katika utumishi wa pekee wa Kanisa wana haki ya malipo yanayofaa, wapate kujitunza na kuwatunza jamaa zao. Wapo wanaonung'unika kwamba malipo huharibu moyo wa mtumishi. Mimi siafiki. Padre hula kwa matoleo yetu, na sijasikia mtu akisema kwamba wali umemharibu moyo. Yule atoaye siku tatu za juma wakati wa palizi, mahindi yake humezwa na magugu, na watoto wake hurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Zawadi ya namna hiyo inatolewa na mke na watoto ambao hawakuulizwa.

Jambo hili tulilileta katika mkutano wa kigango, tukakusudia kumchangia fedha kila mwezi. Mwalimu akasimama, akatushukuru, kisha akakataa. Alisema kwamba wajane na maskini wakijua analipwa kwa mchango, wale wasioweza kuchanga wataona haya kumwita msibani. Palikuwa kimya. Ndipo mama mmoja, mwenyekiti wa Jumuiya yake, akauliza: "Mwalimu, na jembe je, utalikataa?"

Jembe hakulikataa. Jumuiya zetu ni nne, na kila moja ina siku yake katika shamba la Mwalimu msimu wa palizi. Yetu ni Ijumaa. Tumekwisha kwenda mara mbili, nayo mahindi yake sasa yanafika kiunoni.