Jaji Mwalusanya na shamba la shangazi

Leo nawaletea jaji. Msikimbie jamani, hata wa uhasibu mtaelewa.

Jaji James Mwalusanya. Kesi iliyompa jina ilianzia Muleba. Agosti 1988 mama mmoja, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia, kwa shilingi 300,000. Ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akakimbilia Mahakama ya Mwanzo: kwa mila ya Kihaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ikageuza, rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza, mezani kwa Mwalusanya.

Februari 1990 akaamua. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, ubaguzi umekatazwa, kwa hiyo mwanamke anauza sawa na mwanaume. Ila utamu uko mwishoni: Ephrahim akapewa miezi 6 alikomboe shamba kwa kurudisha hizo 300,000, la sivyo mnunuzi abaki nalo. Yaani ukoo mnalitaka? Toeni hela!

Mimi hapo nilicheka peke yangu maktaba, maana kwetu Kasulu wimbo ni uleule. Shangazi yangu ni mjane, karudi kutoka Kibondo alikoolewa, na babu alimwachia kipande cha shamba. Anataka kuuza amalizie nyumba yake. Baba mdogo kagoma, eti ardhi ya ukoo. Vikao viwili, hakuna kitu. Juzi nikampigia, shikamoo nyingi, nikamuuliza basi yeye atampa dada yake shilingi ngapi. Akasema tusubiri maharage yatoke. Nami nimeshamtumia shangazi kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kinachobatilisha mila za kumnyima mwanamke ardhi.

Turudi kwa mzee. Hakuishia kwenye mashamba. Kwenye kesi ya Daudi Pete alikataa sheria iliyofunga mlango wa dhamana kwa watuhumiwa wa makosa fulani, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Mwaka 1994, Dodoma, akatamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Hapo wakubwa wake wakasema hapana: Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni ya kikatili, lakini ikaibakisha. Miezi michache baadaye Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikaifuta kwao, na kwenye hukumu yao kesi yetu ya Dodoma imejadiliwa.

Haya, nawahi lekcha.