Na Jeki hadi Morogoro

Tulipofika Chalinze nilimwambia mdogo wangu aegeshe gari pembeni. Kibofu cha Jeki kilikuwa kigumu kama chungwa, na mbwa aliyepooza sehemu ya nyuma mara nyingi hawezi kukojoa mwenyewe. Daktari wa mifugo wa Dar es Salaam alikuwa amenielekeza: viganja viwili ubavuni, kandamiza taratibu kuelekea nyuma. Mkojo ulipotoka nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mchuuzi mmoja aliyekuwa akitutazama akauliza, "Mama, huyo hana kichaa?"

Ana haki ya kuuliza. Kichaa cha mbwa kina sura ya kupooza pia: taya hulegea, mate hudondoka, mnyama hawezi kumeza. Ndiyo maana yule daktari alidai cheti cha chanjo kabla hajamgusa. Chanjo ilikuwa haijapitwa na muda, na Jeki alikuwa anakula vizuri. Tatizo lilikuwa mgongoni. Aliruka kutoka kwenye kochi, akalia mara moja, na kufikia usiku akawa anaburuta miguu. Ana damu ya dachshund, mbwa wa mgongo mrefu na miguu mifupi, ambao diski za kati ya pingili huanza kukauka wangali wadogo. Diski ikipasuka, kilichomo hutoka na kubana uti wa mgongo.

Jirani yangu, kwa huruma kabisa, alinishauri achomwe sindano apumzike. Sikuwa tayari kukubali kabla ya kujua kama bado anasikia maumivu.

Katika hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, chini ya Uluguru, daktari alikuwa binti mdogo. Aliniamkia, akachukua koleo, akambana kidole cha mguu wa nyuma. Mguu ukajivuta. Nikaruka kwa furaha.

"Subiri, mama. Mguu unaweza kujivuta bila ubongo kujua. Mimi namwangalia uso."

Akabana zaidi. Jeki akageuza shingo, akapiga kelele, akataka kumng'ata. Nililia, na yalikuwa machozi ya furaha.

Mbwa anayesikia maumivu hayo akipasuliwa, uwezekano wa kutembea tena ni karibu 9 kati ya 10. Asiyesikia, kama nusu tu. Lakini upasuaji ungetupeleka Nairobi, mwendo mrefu kwa mgongo ulioumia, na fedha nilizokuwa nazo zilikuwa ada ya mtoto. Anayesikia anaweza kuinuka hata bila kisu, ila polepole na bila uhakika uleule. Nikachagua kizimba: wiki 4 hadi 6 bila kuruka wala kukimbia, dawa za kupunguza uvimbe, kukamuliwa mkojo, na kubanwa kidole kila asubuhi. Tulikubaliana na daktari kwamba siku akiacha kusikia, tunaondoka siku hiyohiyo, ada au si ada.

Hakuacha. Leo anatembea, nyuma akiyumba kidogo. Kochi nimelizungushia ubao, kwa sababu diski nyingine nazo zinaweza kupasuka.