Nungunungu wa njia ya Yangambi

Yeyote atokaye Kisangani kwenda Yangambi, mwendo wa kilometa 100 hivi, huona kando ya barabara nyama za porini zikiuzwa. Karibu na mto Lindi tulisimama mbele ya mama mmoja mwenye nungunungu aliyenaswa usiku ule.

"Mama, hakuwarushia miiba?" tuliuliza kwa mzaha.

"Hawezi, baba zangu. Huyu ni panya tu, ila amevaa mikuki. Hawaishi, wanazaa kama panya."

Katika maneno hayo mna kweli na mna kosa. Kweli ni kwamba nungunungu yumo katika oda ya wagugunaji, pamoja na panya, kindi na ndezi. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, naye huyapunguza kwa kuguguna. Miiba yake ni nywele zilizogeuka ngumu. Hairushwi, bali hung'oka upesi ikabaki mwilini mwa adui. Kalunguyeye, ambaye watu humchanganya naye, si mgugunaji hata kidogo: yeye hula wadudu.

Jamii ya nungunungu wataalamu huiita Hystricidae. Yule mkubwa wa mbuga za Katanga aweza kupita kilo 15. Wa msituni, aitwaye Atherurus africanus, ana kilo 2 hata 4 tu. Mkia wake mrefu huishia katika kishungi cheupe, mfano wa ufagio, kinachovuma akikitikisa. Mchana hulala shimoni au ndani ya gogo. Usiku hutafuta matunda na mizizi na, kama wenye mashamba wajuavyo sana, mihogo.

Kosa la yule mama lilikuwa katika uzazi. Panya wa nyumbani huchukua mimba wiki 3 hivi, akazaa watoto wengi pamoja. Nungunungu wa msituni huichukua zaidi ya miezi 3, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Mahali penye mitego kila usiku, wale walionaswa hawapati upesi wa kushika nafasi yao.

Tulimweleza hayo. Alitusikiliza kwa adabu, ila uso wake ulionyesha kwamba hasadiki. Ndipo akaja mnunuzi, akataka nusu. Mama akaiunguza miiba motoni, akampasua mnyama. Tumboni mlikuwamo mtoto mmoja, miiba yake ingali laini.

"Kweli, mmoja," alisema, akaendelea kukata.