Mchuzi kwa Mtoto, Nyama kwa Wakubwa

Tunapoketi kuzunguka sinia, aghalabu vipande vya nyama huwafikia wakubwa, na mtoto wa mwaka mmoja hutiliwa mchuzi juu ya wali wake. Huwa tunaamini kwamba nguvu yote ya nyama imeshukia mchuzini. Sivyo. Madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu, kwa sehemu kubwa hubaki ndani ya nyama yenyewe.

Qur'ani Tukufu imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na kheri ya maziwa ya mama haina shaka. Lakini mtoto huzaliwa na akiba ya chuma inayomtosha takriban miezi 6. Baada ya hapo huhitaji chakula chenye madini hayo pamoja na kunyonya, nasi mara nyingi humpa uji mweupe na kikombe cha chai. Chai nayo, iwe ya rangi au ya maziwa, huuzuia mwili usifyonze hata kile chuma kidogo kilichomo katika chakula.

Mtoto aliyepungukiwa damu hapigi kelele. Hupoa, huchoka upesi, hukataa chakula, pengine hula udongo. Viganja vyake na ndani ya kope hupauka. Sisi humsifu kuwa ni mpole, hasumbui. Kumbe ni udhaifu, tena katika umri ambao ubongo unakua kwa kasi. Upungufu huo ukidumu, huweza kumwachia uzito wa kujifunza hata baada ya damu kurejea.

Kinga yake haihitaji utajiri. Nyama ya mtoto na ipondwe, asiachiwe mchuzi mtupu. Maini, ambayo sheria imetuhalalishia ilhali damu ni haramu, yana chuma kingi. Kipande kidogo kinatosha. Dagaa waliosagwa, maharage na mchicha husaidia, hasa vikifuatana na chungwa au ubuyu. Chai isubiri akue.

Hata hivyo, malaria na minyoo pia hupunguza damu. Tumpeleke mtoto kituo cha afya apimwe kabla ya kumnunulia dawa ya kuongeza damu, kwani chuma kikizidi humdhuru.

Watoto ni amana, na amana huulizwa. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuitunza. Amin.