Kinyonga Darasani: Kufundisha Uainishaji wa Viumbe

Somo la kuainisha viumbe huharibika mara nyingi kwa kuanzia ubaoni. Mwalimu huandika faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi, wanafunzi hunakili, na kesho yake hakuna akumbukacho mtoto ila mlolongo wa maneno. Sisi tuliofundisha katika uwanda wa juu wa Ufipa tumeona heri kuanza na kiumbe mwenyewe, na atufaaye zaidi ni kinyonga.

Katika vichaka vya kandokando ya mashamba ya Sumbawanga hupatikana kinyonga aitwaye kwa jina la kitaalamu *Chamaeleo dilepis*, mwenye vikunjo viwili vya ngozi nyuma ya kichwa mithili ya masikio. Wapo watoto wamwogopao, na wapo wampigao mawe. Tuliwaweka vinyonga watatu juu ya matawi mezani, tukaagiza watazamwe bila kushikwa, kisha wapangwe katika makundi. Wanafunzi walipanga kwa rangi: wawili wa kijani, mmoja wa kahawia. Kabla kipindi hakijaisha, yule wa kahawia naye alikuwa kijani. Ndipo mtoto mmoja alipotambua kwamba mmoja wao ana kijichomozo nyuma ya mguu, wengine hawana. Tulieleza kwamba hiyo ni alama ya dume. Basi wote watatu walikuwa spishi moja, na swali likajileta lenyewe: ni tofauti ipi inayotenga spishi na spishi?

Swali hilo limewasumbua hata mabingwa. Mwaka 2006 Colin Tilbury, Krystal Tolley na Bill Branch waliunda jenasi mpya, wakaiita *Kinyongia*, kutokana na neno letu la Kiswahili. Vinyonga wengi wenye pembe mbili wa milima ya Tanzania walikuwa wamehesabiwa kuwa spishi moja, *fischeri*. Mwaka 2008 Jean Mariaux na wenzake walilinganisha maumbile na chembe za urithi, wakazitenga spishi kadhaa: yule wa Usambara Magharibi ni mbali na wale wa Usambara Mashariki, na *fischeri* halisi ni wa milima ya Nguru na Nguu. Mwaka 2015 spishi nyingine, *Kinyongia msuyae*, ilipewa jina la mtaalamu wa Kitanzania, Charles Msuya.

Jambo hili si mchezo wa majina. Tukidhani kwamba kinyonga mmoja ameenea milima yote, msitu mmoja ukifyekwa tutasema amebaki kwingine. Tukijua kwamba yupo katika mlima ule peke yake, tutafahamu kwamba shoka limemaliza spishi nzima. Mtoto wa Sumbawanga anayeutazama msitu wa Mbizi, uliosimama kama kisiwa katikati ya nyasi, yampasa alielewe hilo mapema.

Mwalimu mtarajiwa hana budi kuzingatia haya. Waulize wanafunzi jina la mnyama kwa lugha ya nyumbani kabla ya kuwapa la kitaalamu. Waache wapange kwa vigezo vyao, watetee kila kigezo, na wakiache kinaposhindwa. Maneno ya ubaoni yaje mwisho. Kipindi kikiisha, mnyama arudishwe katika kichaka alikotolewa, na wanafunzi wenyewe ndio wamrudishe.