Jina la ami halimo

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kuandika juu ya kuhifadhi nakala za data bila kulia, na makala hiyo itakuja inshallah. Leo nina jambo jingine. Lilianzia kwetu Siyu, kisiwa cha Pate, na halijanitoka kichwani.

Nilikwenda nyumbani kwa Idd. Kwa msioijua njia: ukifika Lamu, safari haijaisha. Unapanda boti mpaka Mtangawanda, na boti inangoja maji yajae, kwani Mkanda ukikauka hakuna nahodha atakayekupitisha hata umlipe mara mbili.

Jioni ya pili ami aliniita barazani. Ami ni mvuvi tangu hajaota ndevu.

"Mwanangu, wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Hebu nitazamie jina langu kama limo katika ile hukumu ya bandari."

Kila mtu kisiwani anaijua hukumu hiyo kwa kusikia. Mwaka 2012 Mohamed Ali Baadi na wenzake walipeleka ombi mahakamani kupinga namna mradi wa LAPSSET na bandari ya Lamu ulivyokuwa ukiendeshwa. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa, na wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Serikali ikakata rufaa, kisha yakaja mazungumzo nje ya mahakama. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Yote hayo ami aliyasikia redioni. Kuisoma hukumu yenyewe, hajawahi, wala hamjui aliyeisoma.

Nikapanda juu ya nyumba, ambako mtandao hushika, nikafungua tovuti ya Kenya Law. Kama hujawahi kuitembelea, itembelee. Hukumu za Mahakama Kuu na za juu yake zimewekwa humo kwa maelfu, bure, bila kujisajili. Wamarekani wenye mfumo wao wa PACER hutozwa senti 10 kwa ukurasa. Hapa sisi tumewapita, tujisifu kidogo.

Lakini nilianza vibaya. Niliandika "Pate" kwenye kisanduku cha kutafuta, nikaletewa kina Patel. Patel na kampuni yake, Patel na nduguye, Patel na mpangaji wake! Nikajaribu Siyu, kumbe wengine huandika Siu. Faza nayo wenyeji huiita Rasini. Baada ya robo saa nikakumbuka nililopaswa kukumbuka mwanzo: mahakama haipangi mafaili kwa majina ya watu wala ya miji, hupanga kwa namba. Nikaandika Petition 22 of 2012, na hukumu ikaja papo hapo. Basi ukitafuta kesi yoyote Kenya, anza kwa namba, mwaka na mahakama. Kama kesi iko kwa hakimu, usipoteze bando, kwani nyingi hazimo mtandaoni. Nenda masjala ya mahakama hiyo, ukiwa na namba.

Nikashuka na kompyuta, nikamsomea ami, nikitafsiri polepole. Ni ndefu mno. Palipozungumziwa uvuvi wa jadi alitikisa kichwa. Tulipofika pale mahakama iliposema kwamba haki yao ya kupewa habari imevunjwa, alinisimamisha. "Rudia hapo." Nikarudia.

Kisha nikatafuta jina lake. Halimo. Humo mna majina ya waliopeleka ombi, na mna idadi ya wavuvi, lakini hamna orodha ya watu 4,600.

"Basi hukumu ya nani hii?" ami akauliza.

Sikuwa na jibu. Orodha ni karatasi nyingine kabisa, iliyotengenezwa kwa daftari za vikundi vya wavuvi vya ufuoni, na haiko mahali popote ambapo mimi na mtandao wangu tungeifikia. Hapo ndipo nikakumbuka Sheria ya Upataji Habari ya 2016, inayotokana na kifungu cha 35 cha Katiba. Raia anaomba kwa maandishi, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Kuomba ni bure, ila unaweza kulipishwa gharama ya nakala. Na kitu kilichomfurahisha ami kuliko vyote: ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, ofisa akaandika. Tuliandika kwa Kiswahili. Ami aliamuru maneno, mimi nikawa karani.

Siku ya 19 akapigiwa simu. Jina lipo, lakini haliwiani na kitambulisho. Nikacheka, halafu sikucheka tena. Jina la kwanza la ami limeandikwa Mohamed katika daftari la wavuvi, Muhammad katika kitambulisho, na Mohammed katika leseni ya uvuvi. Ni mtu mmoja, ila kwa kompyuta ni wanaume watatu. Kazini kosa hili nimelirekebisha mara ngapi, bila kuwaza kwamba kuna mtu anayekosa pesa zake kwa sababu ya herufi ya m!

Sasa niungame. Kabla sijaondoka nilikuwa nimeandika skripti ya kupakua kila hukumu inayotaja visiwa vyetu, nikaweka majina kwenye hifadhidata. Nia ilikuwa njema. Habari zikaenea, na mzee mmoja jirani akanijia usiku. Binti yake amechumbiwa. "Mwanangu, nitazamie huyu kijana kama amewahi kushikwa." Nikatazama. Majina yote matatu yalikuwemo, kwenye rufaa ya kesi ya wizi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikasoma mbele kidogo nikakuta mshtakiwa wa rufaa ile alikuwa na miaka zaidi ya 50, na bwana arusi hajafika 30. Isitoshe, mzee wa watu alishinda rufaa yake. Nusura nivunje harusi kwa mstari mmoja wa SQL.

Na tazama ubaya wake: aliyeachiwa huru kwa hakimu hana ukurasa mtandaoni, lakini aliyefungwa akahangaika hadi akashinda rufaa, kisa chake chote kinabaki na jina lake. Wapo Wamarekani wanaoweka hadi picha za waliokamatwa, kabla hata ya kesi kusikizwa. Kwetu, anayetaka kuonyesha hana rekodi huomba mwenyewe cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, kisha hupigwa alama za vidole. Ni vidole vinavyolinganishwa. Polisi wanajua kuhusu kina Mohamed kuliko nilivyojua mimi.

Nilimwambia mzee sikuona kitu, na usiku uleule nikafuta safu ya majina. Hukumu zenyewe nimebaki nazo, kwa namba na mahali. Nikimaliza kuzipanga nitaziweka hapa pamoja na muhtasari wa Kiswahili, nikianza na ile ya Juni 2019, ambapo Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya kiwanda cha makaa ya mawe cha Lamu.

Ami aliapa kiapo mbele ya wakili kwamba Mohamed, Muhammad na Mohammed ni yeye mmoja. Barua aliipeleka mwenyewe Lamu, akapigiwa muhuri kwenye nakala yake. Nakala ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni, kaiweka kwenye kasha pamoja na hati za shamba. Jana kanipigia simu: bado hawajamjibu, samaki ni wachache, na nisisahau kuhesabu siku.